Waliofikiwa na Waliofika

Kazi yangu ya kwanza ya atachimenti, yaani mafunzo ya kazini ya mwanafunzi, ilikuwa kuhesabu watu. Ilikuwa Jumapili, soko la Kibuye limefurika mpaka kingo za barabara ya kwenda Kondele, na shirika la afya lililonipokea mjini Kisumu lilikuwa limesimamisha hema kando ya wauza mitumba. Spika mbili zilinguruma. Muuguzi alishika maikrofoni akieleza dalili za saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi, akitoka kwenye Kiswahili kuingia Kijaluo na kurudi bila kutua. Mimi nilikuwa na ubao, kalamu na karatasi ya visanduku. Mtu akisimama kusikiliza, napiga mstari. Mistari minne, wa tano unaikata.

Mwendo wa saa tano akapita mama mmoja amebeba gunia begani. Akasimama mbele ya hema, akalihamishia gunia bega la pili, akashusha pumzi, akaenda zake. Kalamu yangu ilibaki hewani kidogo, kisha nikapiga mstari. Jioni mstari ule ulijumlishwa na mingine, na jumla yake ikaingia kwenye ripoti ya mwezi, katika safu iliyoandikwa "Waliofikiwa".

Nilikuwa mwanafunzi wa afya ya umma, mwaka wa mwisho, na wiki zangu kumi na mbili zilikuwa za kazi moja: kutathmini kama uhamasishaji huo unafanya kazi. Swali hilo linaonekana jepesi mpaka ulishike mkononi. Kila Oktoba tunavaa riboni za waridi kwa ajili ya saratani ya matiti, Januari ni ya mlango wa kizazi, tarehe 4 Februari dunia nzima inazungumzia saratani, na kila mara tunasomewa idadi ya watu waliofikiwa. Idadi hiyo inatuambia nini hasa?

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu Kiswahili kimekwisha kulifafanua. Kufikiwa ni jambo unalofanyiwa. Ujumbe umetoka kwenye spika ukakukuta ulipo, na wewe hukulazimika kufanya lolote. Kufika ni jambo unalolifanya mwenyewe, kwa miguu yako, kwa nauli yako, kwa siku uliyoacha kuuza. Kati ya hayo mawili kuna safari ndefu. Mwanamke wa Nyalenda aliyesikia tangazo anapaswa kulielewa, aamini kwamba linamhusu hata kama hana maumivu, apate siku, apate mtu wa kumwachia mtoto au meza ya sokoni, pengine azungumze na mumewe, afike zahanati, akute kuna wa kumhudumia, achunguzwe, apewe majibu, na majibu yakiwa mabaya atibiwe. Uhai wake unaokolewa mwishoni mwa safari hiyo. Mstari wangu wa kalamu ulikuwa umepigwa hata kabla haijaanza.

Takwimu za kitaifa zinaonyesha pengo hilo waziwazi. Katika utafiti wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014, takriban robo tatu ya wanawake wa Kenya walisema wamesikia habari za saratani ya mlango wa kizazi. Waliowahi kuchunguzwa walikuwa takriban asilimia 14. Mwaka uliofuata, utafiti wa STEPwise kuhusu magonjwa yasiyoambukizwa ulikuta kwamba kati ya wanawake wa miaka 30 hadi 49, ambao ndio hasa wanaolengwa, waliochunguzwa walikuwa asilimia 16.4. Kwa hiyo kusikia tulikuwa tumekwisha kusikia. Shirika linalohesabu masikio linahesabu kitu ambacho hakikuwa na upungufu mkubwa.

Sisemi hivyo kuyashutumu mashirika. Wafadhili hudai namba, na namba ya waliofikiwa hupatikana siku hiyohiyo. Pia ni namba inayoonyesha jasho la wafanyakazi, ambalo ni jasho la kweli. Niliona wenzangu wakikunja hema usiku na kuamka alfajiri kulisimika Ahero. Tatizo linaanza pale jasho la mhamasishaji linapochukuliwa kuwa ndiyo nafuu ya anayehamasishwa.

Jambo la pili linalochanganya watu ni kuziweka saratani zote kapu moja. Hojaji niliyoikuta iliuliza "Je, unajua dalili za saratani?" kana kwamba saratani ni ugonjwa mmoja. Kila saratani ina saa yake, na tathmini isiyoitazama saa hiyo hupima kisichostahili.

Ya mlango wa kizazi hutembea polepole. Husababishwa karibu yote na kirusi kiitwacho HPV, ambacho huenea kwa kujamiiana. Aina mbili za kirusi hicho, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii. Tangu kirusi kikwame mwilini mpaka kansa itokee, kwa mwanamke mwenye kinga nzuri huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, kwa mfano anayeishi na virusi vya UKIMWI bila kutumia dawa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Katika miaka hiyo yote mwanamke haumwi popote, na muuguzi anaweza kuyaona mabadiliko kabla hayajawa kansa: anapaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja, na sehemu iliyoharibika inageuka nyeupe. Sehemu hiyo huunguzwa kwa kifaa cha joto au kugandishwa kwa gesi baridi, mara nyingi bila kulazwa. Kwa hiyo ukimfundisha mwanamke dalili za saratani hii, kama kutokwa damu au uchafu wenye harufu, umemfundisha kusubiri mpaka amechelewa. Ujumbe wake ni mmoja: njoo ukiwa mzima. Na kipimo cha ujumbe huo ni idadi ya wazima waliokuja.

Saratani ya matiti ni tofauti. Uvimbe unaweza kuguswa, na wengi nchini mwetu hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Huko kipimo ni muda uliopita tangu siku mwanamke alipogusa kivimbe mpaka siku daktari alipokigusa.

Kisha kuna saratani ambayo kanda hii ya ziwa ingepaswa kuijua kuliko zote, lakini sikuiona hata kwenye bango moja. Ni uvimbe wa Burkitt, unaoshika watoto, mara nyingi kwenye taya. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda, aliueleza mwaka 1958. Mwaka 1964 kirusi cha Epstein-Barr kikagunduliwa katika chembe zilizotoka kwenye uvimbe huo, na imejulikana kwamba unatokea zaidi mahali ambapo malaria haikomi, kama pande zetu. Kasi yake inatisha: chembe zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Hata hivyo ni uvimbe unaosikia dawa vizuri, mtoto akifikishwa mapema. Meno yanalegea, mzazi anadhani ni meno tu, mtoto anapelekwa kung'olewa, na wiki zinakwenda. Uhamasishaji wa Burkitt hauwezi kupimwa kwa miaka wala kwa miezi. Unapimwa kwa siku, na kwa idadi ya milango ambayo mtoto alipitishwa kabla ya kufika ule unaofaa.

Unaweza kuona kwa nini swali la "dalili za saratani" halikunipa chochote cha kushika.

Niliporuhusiwa kuirekebisha hojaji, nilidhani kazi itakuwa ya siku mbili. Ilinichukua wiki mbili, na sababu kubwa ni neno moja.

Swali la tano lilikuwa "Je, umewahi kupimwa?" Juu yake kwenye karatasi kulikuwa na kichwa kilichotaja mlango wa kizazi, lakini hojaji ilikuwa ikisomwa kwa sauti, na vichwa havisomwi. Siku moja huko Manyatta nilimkuta mama wa makamo amekaa kwenye kigoda, ungo wa omena mapajani, anachambua huku ananijibu bila kuinua macho. Nilipofika swali la tano akasema mara moja, "Nimepimwa, nyathina. Niko sawa kabisa." Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo. Nikaandika ndiyo. Kisha, kwa sababu ambayo hata sasa siijui, nikamuuliza walimpimaje. Akaacha omena, akaniinulia kidole cha shahada chenye magamba ya samaki, akakibonyeza nchani. "Si wanatoboa hapa?"

Katika nchi hii, na hasa huku Nyanza ambako UKIMWI ulituzikia watu wengi, neno kupimwa likisimama peke yake humaanisha kupimwa virusi vya UKIMWI. Mama yule alijibu kwa ukweli mtupu. Hojaji ndiyo iliyosema jambo lingine. Nilirudi ofisini nikiwa na mashaka na kila "ndiyo" iliyokuwa imekusanywa kabla yangu.

Tukaandika upya: "Je, muuguzi au daktari amewahi kukuomba ulale kitandani, akatumia kifaa kutazama mlango wa kizazi kwa ndani?" Wanawake wakacheka, wakaelewa, na wengine waliosema ndiyo kwa swali la kwanza wakasema la. Bado kulikuwa na shimo jingine. Baadhi ya waliojibu ndiyo walikuwa wakizungumzia siku waliyojifungua, wakunga walipokuwa wakiangalia njia imefunguka kiasi gani. Hiyo nayo ni kulala kitandani na kutazamwa. Swali likaongezwa maneno: "si wakati wa kujifungua". Kisha likaongezwa siki, na hapo ndipo likashika.

Nilifanya kosa langu pia, na nalieleza kwa sababu mwanafunzi mwingine asilirudie. Baada ya swali hilo niliongeza "Ulichunguzwa wapi?" nikiona ni swali lisilo na madhara. Mwanamke mmoja alinyamaza, akamtazama jirani yake aliyekuwa akianika nguo, akasema hakumbuki. Nilipokuwa naondoka akanifuata hadi kwenye kichochoro, akaniambia kwa sauti ya chini: alichunguzwa kliniki anakochukulia dawa za virusi. Hilo lilinichoma. Wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI wako katika hatari ya saratani hii mara sita zaidi ya wenzao, ndiyo maana kliniki hizo huwachunguza, na mimi nilikuwa nauliza, mbele ya watu, swali ambalo jibu lake ni hali ya mtu. Ridhaa yake nilikuwa nimeichukua kwa saini, fomu yangu ilikuwa safi kabisa. Swali tukaliondoa, na kuanzia siku hiyo mahojiano yakawa mbali na masikio ya jirani, hata kama ilibidi turudi siku nyingine.

Kuhusu maarifa, njia ya kawaida ni kuwauliza watu maswali kabla ya mafunzo na kuwauliza tena baadaye, kisha kutangaza tofauti. Wengi huuliza mara ya pili alasiri ileile, soda ikiwa bado mkononi. Watu wetu ni waungwana. Ukimuuliza mgeni wako kama amefurahia chakula utajua jibu kabla hajafungua mdomo. Bibi mmoja aliniuliza waziwazi kabisa: "Unataka niseme ipi, nyathina, tusikuharibie kazi?" Dawa ya hili si ngumu. Uliza baada ya wiki sita, atumwe mtu mwingine asiyevaa fulana ya shirika, na usimsomee mtu orodha ya dalili aseme ndiyo au la, mwache ataje mwenyewe. Kama orodha haina budi, tia ndani dalili moja ya uongo. Tulitia kuumwa masikio. Anayekubali kila kitu mpaka masikio amekuonyesha heshima yake, na majibu yake mengine uyasome kwa jicho hilo.

Sasa vikaratasi. Kila mwanamke wa umri unaofaa aliyezungumza na muuguzi hemani alipewa kikaratasi cha rufaa chenye namba, nakala ikabaki kwenye kitabu. Nikaona hapo ndipo penye jibu la swali langu lote: nichukue nakala, niende zahanati, nifungue rejista ya uchunguzi, nione nani alifika. Waliopewa ni hawa, waliofika ni wale.

Nilikaa na rejista ile kwa siku tatu, kidole kikishuka safu baada ya safu. Rejista haikuwa na mahali pa kuandika namba ya kikaratasi chetu, kwa hiyo muuguzi hakuiandika, na asingeweza kulaumiwa. Ikabidi nilinganishe majina. Mtu wa huku atacheka hapa, maana anajua majina yetu. Akinyi ni aliyezaliwa asubuhi, Achieng wakati jua limewaka, Atieno usiku. Siku ina saa ishirini na nne tu na wasichana ni wengi. Akinyi wa Nyalenda anaweza kuwa mmoja, anaweza kuwa wanawake thelathini. Tena hemani mtu hujitaja kama majirani wanavyomwita, mama Ouma, na zahanati huandikwa kama kitambulisho kinavyosema, mara kwa jina la baba, mara kwa jina la mume. Nilipata waliolingana bila shaka, waliolingana pengine, na rundo kubwa lisilolingana na yeyote.

Mwenzangu akasema basi hao hawakufika. Hapo ndipo nilipoanza kuona kosa ambalo nadhani ndilo kubwa kuliko yote katika tathmini za namna hii. Rejista huandika waliohudumiwa. Aliyefika akarudishwa hana mstari. Kwenye takwimu anafanana kabisa na yule aliyekitupa kikaratasi sokoni, na ripoti itamwita mwanamke asiyehamasika.

Jumatano moja niliacha vitabu nikaenda kukaa kwenye benchi la barazani, nikiwa nimevaa nguo zangu za kawaida. Kabla ya saa nne akaingia mwanamke, akafungua fundo la ncha ya leso, akatoa sarafu, na chini ya sarafu kikaratasi chetu kimekunjwa mara nne. Akampa mhudumu wa dirishani. Akaambiwa sista anayefanya uchunguzi huo huwapo Jumanne na Alhamisi, aje kesho. Hakukasirika. Aliuliza tu, kama anayejiuliza mwenyewe, "Na kesho nyanya ataniuzia nani?" Akakikunja kikaratasi vilevile, mara nne, akakifunga kwenye leso na sarafu zake, akatoka.

Yule ndiye mtu niliyekuwa nimemtafuta kwenye rejista siku tatu. Alikuwa amesikia, ameelewa, ameamini, ameacha biashara, amefika. Uhamasishaji ulikuwa umefanya kila ulichoweza kufanya. Kikwazo kilikuwa kwamba siku za sista hazikuandikwa popote. Sisi tuliosimama na maikrofoni hatukuzijua, na wala hatukuuliza.

Tangu siku ile nashikilia kwamba tathmini ya uhamasishaji wa saratani inapaswa kuanzia mlangoni mwa zahanati na kurudi nyuma hadi sokoni. Kwanza uliza: uchunguzi hufanyika siku gani? Muuguzi aliyefunzwa ni mmoja au wawili, na mmoja akienda likizo? Siki ipo, vifaa vya kutazamia vinatosha na vinachemshwa saa ngapi, gesi au mashine ya joto inafanya kazi? Anayekutwa na tatizo anatibiwa pale pale au anapewa barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile ambayo wazee bado huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti? Ukiyajua hayo ndipo uende sokoni kuuliza watu wanajua nini. Ukianza sokoni, kila pengo utakaloliona utalitafsiri kuwa ujinga wa wananchi.

Ushahidi wa hili haukosi, na uko karibu. Katika kaunti ya Migori ulifanyika utafiti uliogawa jamii 12 kwa bahati nasibu: nusu zikapelekewa kambi za afya vijijini, nusu zikaelekezwa zahanati, na kote wanawake walijichukulia wenyewe sampuli ya kupima HPV. Vijiji vyenye kambi vilichunguza karibu asilimia 60 ya wanawake waliostahili, vile vya zahanati asilimia 37. Kwa ripoti nyingi hadithi ingeishia hapo kwa shangwe. Watafiti wakaendelea kuwafuatilia waliokutwa na kirusi, na katika pande zote mbili waliofika kutibiwa walikuwa chini ya nusu. Kambi ilikuwa imeondoa umbali wa kwanza, ule wa matibabu ukabaki palepale.

Nieleze kwa kifupi suala la ulinganisho, kwa kuwa huwatisha wanafunzi bila sababu. Tuseme mwezi kabla ya kampeni wanawake 40 walichunguzwa na mwezi baada yake 70. Je, hao 30 ni wetu? Huenda redio ya Kijaluo ilikuwa na kipindi wiki hiyo, huenda muuguzi alirudi kutoka likizo, huenda shule zilifungwa na akina mama wakapata wa kuwaachia watoto wadogo. Njia ya haki na nafuu ni kuanza kwa awamu. Kama wadi sita zitafikiwa mwaka huu na gari ni moja, piga kura ipi itangulie, na zile zinazosubiri zikusaidie kuona mwezi wa kawaida ulikuwaje. Hakuna anayenyimwa kitu, kwa kuwa gari lisingeweza kuwa kila mahali kwa wakati mmoja.

Na usiogope idadi ya wagonjwa ikipanda. Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwa mwaka 2020 yalikuwa zaidi ya wagonjwa wapya 42,000 nchini Kenya na vifo vipatavyo 27,000. Mahali watu walipokuwa wakifa bila kujulikana wameugua nini, uhamasishaji ukifaulu wagonjwa wataongezeka kwenye vitabu kwanza. Kinachopaswa kubadilika mapema ni hatua ambayo ugonjwa unakutwa nayo. Vifo vitapungua baada ya miaka mingi, na mwanafunzi wa wiki kumi na mbili akiahidi kuvipima anadanganya. Chanjo ya HPV, ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mwezi Oktoba 2019, itaonyesha matunda yake makubwa wasichana hao wakiwa mama wa watu wazima.

Ripoti yangu niliiwasilisha wiki ya mwisho. Niliogopa. Nilikuwa nimekaribishwa vizuri, na nilikuwa nakwenda kuwaambia wenyeji wangu kwamba safu waliyojivunia haijibu swali lao. Mratibu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja: yule mwanamke wa leso, alirudi Alhamisi? Sikuwa na jibu. Sikumuuliza jina, na nisingepaswa kuliuliza. Akanyamaza, kisha akaniambia, "Basi tumfuate kwa njia nyingine."

Mambo matatu yalibadilika kabla sijaondoka. Zahanati ilikubali kuongeza safu mbili kwenye daftari la kawaida lililowekwa dirishani: namba ya kikaratasi, na "amehudumiwa" au "ameambiwa arudi". Wahudumu wa afya ya jamii, ambao kila mmoja huangalia kaya zipatazo mia, walianza kuletewa namba za walioambiwa warudi ili wawapitie nyumbani, kwa faragha. Na vikaratasi vipya vilipotoka kwa mpiga chapa vilikuwa na mstari ambao haukuwapo, kwa herufi kubwa kuliko nembo ya shirika: Sista yupo Jumanne na Alhamisi, saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Chini yake palikuwa na nafasi tupu ya kujazwa kwa kalamu, kama siku zikibadilika.